Kumpima Micah Parsons: Saki, Sekunde Mbili na Nusu, na Mbio Zinazompita

Mwishoni mwa Agosti 2025, klabu ya futiboli ya Kimarekani ya Green Bay Packers ilimchukua mlinzi Micah Parsons kutoka Dallas Cowboys na kumpa mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 188. Ukiugawa kwa miaka hiyo unapata dola milioni 47 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa shilingi za Tanzania kinavuka bilioni 100, na ambacho hakuna mchezaji wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo, asiyekuwa kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) aliyewahi kukifikia kabla yake. Ili kumpata, Packers walitoa pia haki zao za raundi ya kwanza, ya mwaka 2026 na ya mwaka 2027, katika zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua chipukizi kwa zamu, pamoja na Kenny Clark, pande la mtu wa katikati ya safu ya ulinzi waliyekuwa naye tangu mwaka 2016. Msomaji aliyezoea kandanda anapokutana na habari ya namna hii hubaki na fumbo, kwa sababu mtu huyu hafungi, hatoi pasi ya bao, na mara nyingi mechi nzima inakwisha bila yeye kuugusa mpira. Fumbo hukaza zaidi anaposikia kwamba Jerry Jones, mmiliki wa Cowboys, alieleza uamuzi wa kumwachia kwa kusema timu yake ilihitaji kuzuia mbio za wapinzani, yaani wanapokimbia na mpira mikononi. Inakuwaje mlinzi aliye ghali kuliko wote aachwe na timu inayosema inataka kuimarisha ulinzi?

Jibu limo ndani ya kazi yenyewe, na kazi hiyo haieleweki mpaka uwanja ueleweke. Futiboli ya Kimarekani haitiririki kama kandanda au raga. Imekatwa vipande vifupi, kila kimoja cha sekunde chache, na baada ya kila kipande wachezaji 11 wa kila upande hujipanga upya. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10; ikifaulu inapewa mengine manne, na ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Katika kila jaribio kuna njia kuu mbili: ama mpira apewe mkimbiaji apenye nao katikati ya miili, ama kwotabeki aurushe hewani kwa mwenzake aliye mbali. Kwotabeki ndiye dereva wa gari hili, kwani karibu kila jaribio linapitia mikononi mwake, na yeye ndiye anayetazama, anayeamua na anayerusha.

Mbele ya dereva huyo husimama ukuta wa watu watano, wengi wao wakiwa na uzito wa kilo 140 au zaidi, ambao wakati wa pasi wana kazi moja tu, nayo ni kuhakikisha haguswi. Mvamizi wa pembeni ni mchezaji wa timu inayolinda ambaye hujipanga nje kidogo ya mwisho wa ukuta huo, kushoto au kulia, akingoja mpira uanze ili auzunguke, aupenye au ausukume hadi amfikie kwotabeki. Mahali hapo pana thamani kwa sababu ya jiografia tu. Katikati ya ukuta kila mtu ana jirani kulia na kushoto, na anayejaribu kupita hapo hukutana na msongamano kama wa mlango wa daladala saa moja asubuhi. Lakini mtu wa mwisho wa ukuta ana jirani upande mmoja peke yake. Upande wa pili ni uwanja mtupu, na yeye ndiye anayetakiwa kuulinda akirudi kinyumenyume dhidi ya mtu anayemjia mbio.

Zaidi ya hapo, kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia hugeuza kifua chake upande wa kulia, na kinachotokea kushoto kwake hakioni. Lawrence Taylor, aliyeingia New York Giants mwaka 1981, ndiye aliyeifanya ligi nzima ielewe hatari ya upande huo, hata timu zikaanza kutafuta na kulipa vizuri watu wepesi wa miguu wa kusimama mwisho wa ukuta wa kushoto, ambao kabla yake hawakutazamwa sana. Mwaka 1986 Taylor alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yote, heshima ambayo huwaendea makwotabeki na wakimbiaji karibu kila mwaka.

Sasa tuweke saa mezani. Kwa kawaida kwotabeki wa NFL hukaa na mpira kwa muda wa kati ya sekunde mbili na nusu na tatu kabla ya kuurusha. Huo ndio muda wote alio nao mvamizi kutoka alipoinama mpaka kwenye mwili wa kwotabeki, na katikati yake pana mtu mwenye kilo 145 na mikono mirefu. Mvamizi anayeshinda pambano lake katika sekunde ya nne hajashinda chochote, kwa kuwa mpira umekwisha kuondoka. Kila sifa tutakayoitaja hapa chini ina maana kwa sababu ya saa hiyo.

Sifa ya kwanza ni hatua ya kwanza. Wote wanangoja mpira uanze, lakini watu wa ukuta wanaijua ishara na mvamizi haijui, kwa hiyo yeye huondoka kwa kuutazama mpira unapotikisika. Anayeondoka mapema kwa sehemu ndogo ya sekunde humlazimisha mpinzani arudi kwa haraka asiyoitaka, na mtu mzito anayerudi kwa haraka hupoteza mizani. Hapa watu wengi huchanganya hatua ya kwanza na mbio. Kabla ya kuchaguliwa, chipukizi hupimwa kwa kukimbia yadi 40, takriban mita 36 na nusu, na Parsons alizimaliza chini ya sekunde 4.4, jambo la ajabu kwa mtu mwenye kilo zaidi ya 110. Hata hivyo mvamizi hakimbii yadi 40 kumfuata kwotabeki. Hukimbia saba au nane, na zile mbili za mwanzo ndizo zinazoamua.

Sifa ya pili ni ngumu kuieleza kwa asiyeiona, nayo ni uwezo wa kulala kwenye kona. Mfikirie dereva wa bodaboda anayezunguka kiplefti bila kupunguza mwendo: pikipiki inalala, goti linakaribia lami, na bado magurudumu hayatelezi. Dereva mwingine mwenye pikipiki yenye nguvu zaidi lakini asiyejua kulala atalazimika kwenda mbali, azunguke duara kubwa, na afike amechelewa. Mvamizi anayepita pembeni ya ukuta hukutana na kona hiyohiyo, kwa kuwa kwotabeki hayuko mbele yake moja kwa moja bali nyuma ya ukuta, na mvamizi lazima akate kuelekea ndani huku mtu wa kilo 145 akimsukuma ubavuni. Vifundo vya miguu, magoti na nyonga vinavyokubali kupinda bila kupoteza mwendo ni kipaji ambacho makocha wanaweza kukinoa, lakini nadhani ni wachache waliowahi kukipanda kwa mtu asiyekuwa nacho.

Halafu kuna mikono. Mtu wa ukuta anataka kitu kimoja, yaani kuweka viganja vyake kifuani mwa mvamizi, kwa sababu akishamshika hapo pambano limekwisha. Kwa hiyo mvamizi hodari huipiga mikono hiyo kabla haijafika, huivuta chini, huinua bega, au huisukuma pembeni na kupita. Reggie White, aliyemaliza maisha yake ya uchezaji na saki 198, yaani mara alizomwangusha kwotabeki kabla hajarusha, alikuwa akimkimbiza mpinzani kuelekea nje, kisha ghafla akamnyanyua kwa mkono mmoja na kumtupa upande, akapita ndani. Dwight Freeney wa Indianapolis Colts, ambaye wengi walimwona mfupi mno alipochaguliwa mwaka 2002, alikuwa akianza kama anayepita nje, akazunguka kama pia, na mpinzani akabaki ameshika hewa. Ufupi huo ulimsaidia, kwa sababu alikuwa tayari chini ya mikono ya wapinzani wake bila kujikunja.

Mbinu hizo hazifanyi kazi moja moja. Mwanandondi hapigi ngumi nzito kabla ya kumzoesha mwenzake ngumi nyepesi, na mvamizi naye hutumia majaribio ya robo ya kwanza kumfundisha mpinzani kuogopa njia ya nje, ili katika robo ya nne, wakati mechi iko kwenye uzi, amkate ndani. Ndiyo maana mtazamaji anayehesabu vipigo vilivyofanikiwa peke yake hukosa nusu ya hadithi.

Hapa ndipo panapokuwa mahali pazuri pa kumkumbuka Mkenya Daniel Adongo. Alikuwa mchezaji wa raga ya kulipwa ambaye hakuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani, na mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili na kumweka katika nafasi hiihii ya pembeni. Mwili aliokuwa nao ungemtosha mvamizi yeyote: mrefu, mpana, mwenye mbio. Msimu huohuo, katika klabu hiyohiyo, Robert Mathis aliongoza ligi kwa saki 19.5, akiwa mfupi kuliko Adongo na asiye na umbo la kutisha. Adongo alicheza mechi chache katika misimu miwili na safari yake ikaishia hapo. Nafasi hii huwadanganya watu kwa sababu inaonekana kama kazi ya misuli, kumbe Mathis alikuwa na miaka kumi ya kujua mkono gani unakuja, lini, na autoe vipi. Kwa maoni yangu hakuna kipimo cha mwili ambacho kingemwezesha Mkenya yule kuruka miaka hiyo.

Tukishajua kazi, tunaweza kuuliza jinsi ya kuipima, na hapo ndipo neno saki linapoingia kwa kishindo. Saki ni kumwangusha kwotabeki nyuma ya mstari mchezo ulipoanzia, akiwa angali na mpira na nia ya kuurusha. Wawili wakimwangusha kwa pamoja kila mmoja hupewa nusu, na ndiyo sababu utaona hesabu zenye desimali. NFL ilianza kuzihesabu rasmi kwa wachezaji mwaka 1982, na tangu hapo zimekuwa kama mabao ya mshambuliaji: ndizo zinazoandikwa, ndizo zinazotajwa kwenye mikataba. Bruce Smith anaongoza historia kwa saki 200 katika misimu 19. Gawanya upate kiasi cha 10 au 11 kwa msimu, yaani chini ya moja kwa mechi, kutoka kwa mtu aliyefanya vizuri kuliko wote. Kwa hiyo yule anayelalamika kwamba mvamizi ghali “hakuonekana leo” anadai jambo ambalo hata Smith hakulitimiza kila wiki.

Tatizo la saki si kwamba ni uongo, bali ni chache mno na hazilingani. Kuna saki inayotokana na mvamizi kumshinda mtu wake ndani ya sekunde mbili, na kuna nyingine inayoandikwa kwa jina lake baada ya mabeki wa nyuma kuwabana wapokeaji wote mpaka kwotabeki akakosa pa kurusha, akatangatanga, na hatimaye akamwangukia mikononi. Kuna hata zile za bahati ya namna nyingine kabisa. Msimu wa 2001 Michael Strahan wa Giants alifikisha saki 22.5 na kuvunja rekodi ya wakati huo, lakini ile ya mwisho ilipatikana Brett Favre wa Packers alipojilaza chini karibu naye kwa wepesi uliowafanya watu wabishane hadi leo kama hakumpa zawadi. T.J. Watt wa Pittsburgh Steelers aliifikia idadi hiyohiyo mwaka 2021 akiwa amecheza mechi 15. Kwenye jedwali namba zao zinasomeka sawa, na jedwali halina safu ya kuonyesha kwotabeki alijilaza au alilazwa.

Wachambuzi kwa hiyo hutazama pia bughudha, yaani kila mara mvamizi anapomfanya kwotabeki ahame, aharakishe au aangushwe mara tu baada ya kuachia mpira. Bughudha ni nyingi kuliko saki mara kadhaa, kwa hiyo haziyumbishwi sana na bahati. Kipimo kingine huuliza swali jembamba zaidi: ni mara ngapi mvamizi alimpita mtu wake ndani ya sekunde mbili na nusu, hata kama mpira ulikuwa umekwisha rushwa? Hesabu hiyo hupatikana kwa vifaa vidogo vinavyowekwa ndani ya pedi za mabega ya wachezaji, ambavyo huonyesha kila mmoja alipo wakati wote. Hata wavamizi bora hushinda chini ya nusu ya mapambano yao. Vipimo hivi navyo vina upofu wake: anayepambana na mtu mmoja na anayepambana na wawili si watu wa kulinganishwa kirahisi, na wapinzani hawaweki watu wawili mbele ya mchezaji wasiyemwogopa.

Turudi kwa Parsons tukiwa na mizani hiyo. Cowboys walimchagua wa 12 mwaka 2021 kutoka Chuo Kikuu cha Penn State, ambako hakuwa mvamizi wa pembeni hata kidogo. Alikuwa lainbeka, mlinzi anayesimama hatua kadhaa nyuma ya safu ya mbele. Mapema msimu wake wa kwanza mwenzake DeMarcus Lawrence aliumia mguu, makocha wakamsogeza Parsons pembeni kuziba pengo, na kilichoanza kama kiraka kikawa ndicho nguo yenyewe. Alipata saki 13 mwaka huo, kisha 13.5, kisha 14, na mwaka 2024 alipata 12 ingawa alikosa mechi nne kwa jeraha la kifundo cha mguu. Jumla ni 52.5 kwa misimu minne.

Nguvu zake zinasomeka moja kwa moja katika orodha tuliyoipitia. Hatua yake ya kwanza ni ya kutisha, analala kwenye kona kama mtu mwepesi zaidi yake, na mieleka aliyoipiga akiwa shuleni inaonekana katika jinsi anavyoshika mizani akisukumwa. Zaidi ya yote, hana kiti cha kudumu. Jaribio moja yuko kushoto, linalofuata yuko kulia, linalofuata amesimama katikati akimkabili mmoja wa watu wa ndani wa ukuta, ambao ni wazito na hawakuzoea mtu mwenye mbio namna ile. Wapinzani hulazimika kumtafuta kabla ya kila mchezo, kuelekeza ukuta upande wake, na kumwachia mkimbiaji kazi ya kumpiga kikumbo kabla hajaenda zake. Kila mtu anayeongezwa kwa Parsons ni mtu aliyeondolewa kwa mwenzake, na mwenzake huyo hupata saki ambayo haiandikwi popote kwamba Parsons aliinunua.

Udhaifu unaotajwa ni mmoja kwa kweli, mengine ni madogo. Mvamizi wa pembeni hana kazi ya kuvamia tu. Mpinzani akiamua kukimbia na mpira, yeye anatakiwa afunge pembe: asimame imara mwisho wa safu, asikubali kusukumwa wala kuvutwa ndani, ili mkimbiaji akose njia ya nje na ageuzwe kurudi walipo wenzake. Hiyo ni kazi ya kigingi. Parsons ana kilo kama 111, na anaposimama kifua kwa kifua na mtu aliyemzidi kilo 35, fizikia haimhurumii. Tena mazoea yanayomfanya awe hatari ndiyo yanayomponza, kwa kuwa mtu anayeondoka kama mshale kuelekea alipo kwotabeki huwa amekwisha pita wakati mkimbiaji anapita nyuma yake na mpira, na mtu anayependa kukata ndani ghafla huacha mlango wa nje wazi kwa kwotabeki mwenye miguu myepesi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoandika tathmini za wavamizi kama ripoti ya shule, nguvu safu hii, udhaifu safu ile, kana kwamba mwalimu akikazana mwanafunzi atapandisha alama za somo moja bila kugusa jingine. Parsons akiongeza kilo 12 ili awe kigingi, kona yake haitalala vile tena. Akiagizwa angoje aone kama ni mbio au pasi, hatua yake ya kwanza imekufa. Kinachoitwa udhaifu wake ni bei ya kile kinachoitwa nguvu yake, na swali la maana ni lini bei hiyo inalipika na lini hailipiki.

Mechi moja inalionyesha jambo hilo kuliko maelezo yangu yote. Tarehe 14 Januari 2024, katika hatua ya mtoano, Cowboys waliwakaribisha Packers, timu iliyokuwa imeponea chupuchupu kuingia hatua hiyo. Packers walifunga mapema, wakafunga tena, wakafika 27 kwa 0 kabla ya mapumziko, na hatimaye wakashinda 48 kwa 32. Kwotabeki wao Jordan Love alirusha mpira mara 21 peke yake, hakuhitaji zaidi. Mkimbiaji Aaron Jones alikimbia yadi 118 na kufunga mara tatu. Parsons hakupata saki hata moja. Unaweza kusema alicheza vibaya, lakini tazama mazingira: timu inayoongoza kwa pointi 27 haina sababu ya kurusha, hukimbia ili saa iishe, na mvamizi anageuzwa kuwa kigingi kwa jioni nzima. Ni sawa na kumweka kipa hodari wa penalti katika mechi ambayo wapinzani wanafunga kwa vichwa.

Kinyume chake ni kweli pia. Timu yako ikiongoza, mpinzani lazima arushe, kila mtu uwanjani anajua atarusha, na mvamizi haulizi tena swali la mbio au pasi, anaondoka tu. Colts wa Freeney na Mathis walijengwa hivyo makusudi: kwotabeki wao Peyton Manning alitangulia kuipatia timu pointi, kisha wale wawili wakaachiliwa kama mbwa wa windo. Msimu wa 2006 walikuwa wa mwisho katika ligi nzima kwa kuzuia mbio, na bado Februari 2007 walitwaa Super Bowl, fainali ya ligi, ingawa ni haki kuongeza kwamba katika mechi za mtoano ulinzi wao wa mbio uliamka ghafla. Februari 2016, mvamizi Von Miller wa Denver Broncos alipata saki 2.5 na mara mbili akamfanya kwotabeki wa Carolina Panthers, Cam Newton, apoteze mpira, akachaguliwa mchezaji bora wa Super Bowl. Denver walitangulia kufunga na Carolina hawakuwahi kuongoza hata dakika moja.

Kwa mtazamo huo, klabu zote mbili zilizofanya biashara ya Agosti 2025 zilisema jambo la kueleweka. Dallas walichukua kigingi cha katikati na chipukizi wawili wa baadaye. Green Bay, waliowahi kuuona kwa macho yao mlango wa nyuma wa Parsons na kuupita, walimnunua wakiamini wao wenyewe wataongoza mara nyingi kiasi kwamba mlango huo hautafunguliwa. Mimi ningefanya walichofanya Green Bay. Kwotabeki mmoja anaharibiwa siku na mtu mmoja, lakini mbio huzuiwa na watu saba, na hao wengine sita wanaweza kupatikana kwa bei ya kawaida. Hata hivyo siwezi kumcheka anayeona dola milioni 47 kwa mwaka ni nyingi kwa chombo kinachong’aa zaidi mambo yakiwa tayari mazuri.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Septemba, Parsons alirudi Texas na jezi ya Packers. Mechi ilikwenda hadi muda wa nyongeza, na Cowboys wakafika karibu kabisa na mstari wa goli. Dak Prescott, kwotabeki ambaye Parsons alifanya naye mazoezi miaka minne, alitoka mbio na mpira kuutafuta mstari. Parsons akamfukuza na kumwangusha kabla hajaufikia. Iliandikwa saki moja, kama ile ya Favre ilivyoandikwa moja. Cowboys walilazimika kuupiga mpira kwa mguu wapate pointi tatu badala ya kuuvusha mstari wapate sita, Packers nao wakapata tatu zao, na mechi ikaisha 40 kwa 40.

Desemba 2025, katika mchezo dhidi ya Broncos huko Denver, Parsons alichanika ligamenti ya goti na msimu wake ukaishia pale. Jeraha hilo linagusa hasa ile sifa ya bodaboda, kwa sababu kona hulalwa kwa goti na kifundo cha mguu. Anayetaka kumpima baada ya hapo asikimbilie safu ya saki, ambayo inaweza kujazwa na mabeki wazuri wa nyuma au na ratiba nyepesi. Atazame hatua zake mbili za mwanzo mpira unapotikisika, kisha atazame bega la ndani anapofika kwenye kona: likishuka karibu na nyasi bila mwendo kupungua, yule wa zamani amerudi, akizunguka duara kubwa kama pikipiki iliyobeba mishikaki, Packers watakuwa wanamlipa mchezaji mwingine.